Fundi, Nondo Niliifunga Mimi

Fundi wangu,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, maana tangu nilipokuja bandani kwako nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, sikuwahi kushika spana asubuhi kabla ya kukuamkia. Leo ni Alhamisi, mchana, mvua imenifungia hapa Bugene na hakuna mteja. Nimekalia boksi lako la vyuma. Karatasi nimechana kwenye daftari la kazi. Kuna jambo nimelibeba tangu siku uliyoondoka, na sasa limenishinda. Mtu niliyepaswa kumwambia kwanza ni wewe, na wewe hupo.

Adventina wako amenipa kazi ya kumchagulia baiskeli.

Alikuja Jumatatu akiwa na furaha ambayo sijaiona usoni mwake tangu tukuzike. Amepata kazi. Kuna watu wanaoleta wageni kuendesha baiskeli milimani huko Kyerwa, wanapita njia za ng'ombe na vijia vya mashambani, siku nzima kupanda na kushuka. Wanataka waongozaji wanaozijua njia zile, na nani anazijua kuliko binti aliyekuwa akikufuata kila likizo? Sharti lao ni moja. Kila mwongozaji aje na baiskeli yake mwenyewe ya milimani, yenye shokapu mbele na nyuma, zile tulizokuwa tunaziita za kunesa. Mama, mkeo, ameuza kahawa na amekubali. Adventina akaniambia, "Dada Koku, sitaki mtu mwingine anichagulie. Baba alisema jicho lako ni lake." Nikainama nikajifanya naokota nati.

Jumamosi anaichukua. Jumatatu anaanza. Na njia ya kwanza aliyopewa ni ule mteremko wa mawe tunaoushuka kutoka vilima vya Kamuli kuelekea Songambele. Pale pale, Fundi. Pale ulipofia.

Ngoja nikupe habari za huku kwanza, nipate pumzi.

Banda lipo. Wiki ya pili baada ya mazishi Mama alinikabidhi ufunguo mbele ya ndugu zako akasema mimi ndiye mwanao wa kazi, na hakuna aliyebisha. Kazi zipo kiasi, ingawa bodaboda zinatumaliza. Wabeba ndizi bado wanakuja, bado wananibembeleza niwawekee nondo mahali pa shokapu, na mimi nawafukuza mpaka wanashangaa. Wanasema tangu Fundi Projesti afe, Koku amekuwa mkali. Migomba uliyozikwa katikati yake imestawi. Mama anaipalilia mwenyewe, hataki kibarua aikaribie.

Ila kanisani Mama amehama. Lile benchi lenu la tatu kutoka mbele ameliacha, anakaa nyuma kabisa karibu na mlango, na Misa ikiisha anatoka kabla watu hawajasalimiana. Sababu yake naijua. Watu wanasema ulikuwa umelewa.

Wewe. Mtu ambaye hukuonja rubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu Adventina alipopokea komunyo ya kwanza. Lakini siku ile pale Kamuli tulipita nyumbani kwa rafiki yako, ukakaa na wazee, ukapewa kibuyu, ukakishika kwa heshima halafu ukampa aliye jirani yako. Mimi niliona hukukigusa mdomoni. Wengine waliona kibuyu mkononi mwako tu. Saa moja baadaye ukafa, na ikawa hivyo: mzee amekunywa, amepanda baiskeli, amejitakia. Alianza mmoja, sasa ni kijiji kizima. Mwalimu wa katekisimu aliwahi kukutaja kwa watoto kama mfano wa hatari za pombe, na Adventina alikuwa amesimama dirishani akisikia.

Nami nilinyamaza. Mwaka mmoja na miezi nimenyamaza, Fundi, wakati mdomo wangu ndio uliokuwa na jibu.

Sasa nalisema. Nakumbuka shokapu yako ya nyuma ilivyoanza kuvuja mafuta. Kayanga nzima hakuna aliyekuwa nayo, na ya kuagiza ingekuja baada ya miezi, nawe hukuweza kukaa Jumapili hata moja bila kupanda vilima. Ukasema, "Koku, weka nondo kwa muda." Lilikuwa jambo la kawaida kwetu. Nani asiyejua Karagwe hii kwamba baiskeli ya kunesa ikija na mtumba, kitu cha kwanza ni kung'oa shokapu ya nyuma na kuweka kipande cha nondo, ili ukiipakia mikungu mitatu isizame? Mimi na wewe tulifunga nondo za namna hiyo nyingi mno, na hakuna hata moja iliyorudi imevunjika. Nikakata kipande, nikakitoboa huku na huku, nikakifunga. Ukakaa juu yake ukasema imekuwa ngumu kama punda.

Tulichosahau sisi wote ni kwamba baiskeli ya ndizi haiendeshwi. Inasukumwa kwa mkono, polepole, mwenyewe akitembea pembeni. Yako ilikuwa inarushwa kwenye mawe. Kila jiwe ambalo shokapu ingelimeza, sasa lilikuwa linapigwa na fremu, na ile fremu ilikuwa nyepesi, haikutengenezwa kwa kipigo hicho.

Kama ni hapo tu ningekwambia tulikosea wote, tugawane. Si hapo tu.

Siku chache baada ya kuifunga nilikuambia nina wasiwasi na ile nondo. Nilisema mbele ya wateja, sikujua kama ni kosa. Ukacheka, ukawaambia, "Huyu Koku siku hizi anaogopa hata kivuli cha spoku." Wakacheka wote. Najua ulikuwa unatania, ndivyo ulivyokuwa, ungenitania hata kwenye harusi yangu. Lakini niliumia. Nilikuwa mwanamke pekee fundi Bugene yote, na kila siku kulikuwa na mtu wa kuniuliza kama kweli najua ninachofanya, na siku ile niliona nawe umejiunga nao.

Ijumaa nikaiosha baiskeli yako. Kwenye maungio ya nyuma, pale fremu inapokunjika, niliona mstari mwembamba kama unywele. Nikausugua kwa kidole gumba, haukutoka. Wewe ulinifundisha: rangi iliyochubuka ukucha unateleza juu yake, chuma kilichopasuka ukucha unakwama. Nikapitisha ukucha.

Ulikwama.

Na sikusema. Nilinuna, Fundi. Nilijisemea moyoni, kwa kuwa mimi naogopa kivuli, basi yeye mwenye macho atauona mwenyewe. Nilikuwa nimepanga kukuambia Jumatatu, baada ya wewe kuniomba radhi. Hebu fikiria. Nilikuwa nasubiri uniombe radhi.

Jumapili uko mbele yangu kwenye mteremko, shati lako la kanisani limejaa upepo, unaimba ule wimbo wa mavuno. Nikaona gurudumu la nyuma linakwenda kwake na wewe unakwenda kwako. Nilipokufikia kichwa chako kilikuwa kwenye jiwe. Nilikuita Fundi, nikakuita Baba, nikakuita Projesti, jina ambalo sikuwahi kulitamka peke yake. Nikasikia watu wanakuja mbio kutoka kwenye migomba, wanauliza nani, nani. Ndipo nikafanya kile ninachoamka nacho kila siku. Nikakuachia. Nikatoa spana mfukoni nikafungua ile nondo, bolti mbili, nikaitia kwenye mkoba wangu. Sikuwahi kufungua bolti kwa haraka namna ile, na mikono haikutetemeka. Walipofika wakakuta fremu imevunjika na mimi nalia, wakadhani imevunjika kwa kuanguka.

Nondo yenyewe imo humu kwenye boksi nililokalia.

Jumanne nilikwenda na Adventina Kayanga, kwa Haji, yule muuza mitumba ambaye babu yake alitoka Tanga. Alikuwa na tatu za kunesa. Ya kwanza nyeusi, inang'aa kama imetoka kiwandani jana, ina springi nene nyekundu chini ya siti. Haji anatujua watu wa huku. Kabla hatujamaliza kusalimiana alishauning'iniza mkungu wa ndizi kwenye keria akasema, "Ona mwenyewe, fundi, haiinami hata kidogo." Alidhani ananifurahisha. Nikabonyeza siti kwa uzito wangu wote, ile springi haikusogea. Ilikuwa pambo tu, na baiskeli nzima nzito kama mlango wa chuma.

Ya pili ilikuwa nyekundu. Hiyo ilinesa kweli, tena kupita kiasi, siti ilizama kiganja kizima. Adventina aliipenda kwa rangi. Nikamwambia hii imetengenezwa kwa watu wanaopandishwa kilimani na gari, kazi yao ni kushuka tu. Wewe utapanda kutwa. Kila ukikanyaga pedeli itazama, nguvu zako zitaishia kwenye shokapu, na wageni watakungoja wewe badala ya wewe kuwangoja wao. Akanitazama akasema, "Unaongea kama Baba." Nikakohoa.

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, imechubuka, siti imechanika, Haji alikuwa ameiweka nyuma ya majiko. Shokapu zake ndogo, za upepo, zinazama upana wa vidole vichache tu. Nikamkalisha Adventina na mkoba wake mgongoni, nikapima, ikazama robo ya uwezo wake ikatulia, na ndivyo inavyotakiwa kwa mtu wa kupanda na kushuka. Nikamsimamisha akiwa ameiweka katikati ya miguu, nafasi ikabaki ya kiganja. Nikaiinua kwa bega moja, maana kuna sehemu kule atalazimika kuibeba. Nyepesi. Nikainyanyua kwa siti nikasikia kitu kinagonga kidogo kwenye maungio, beringi moja imechoka, kitu cha kubadilisha asubuhi moja. Breki zake za mafuta zinashika.

Halafu nikaanza kupitisha ukucha. Kila penye kuungwa, juu, chini, ndani ya yale maungio. Nikamaliza nikaanza tena. Nikaanza mara ya tatu. Adventina akainama karibu yangu akauliza, "Dada, unatafuta nini?"

Nikasema hii ndiyo, tukaikokota hadi hapa. Ipo mbele yangu sasa hivi ninapoandika, inasubiri beringi. Ni baiskeli nzuri, Fundi, ni nzuri kuliko yako. Lakini nitampaje mtoto wako baiskeli, aende nayo pale, akiamini jicho langu ni lako? Jana nilifikiri kutoroka, nikamtafuta hadi konda wa basi la Mwanza. Nimefikiri pia kumwambia fremu ni mbovu, aikose kazi, asiende kabisa. Nimefikiri hata mengine ambayo siwezi kuyaandika, na ungeniona ungenipiga kofi.

Kuna mtu anabisha hodi. Acha niishie hapa kwa leo.

*

Leo ni Jumapili, Fundi, baada ya Misa. Nipo nyumbani kwangu, siyo bandani. Utaona sababu.

Aliyebisha hodi Alhamisi alikuwa mteja wa pancha. Adventina alikuja Ijumaa asubuhi kuona beringi inavyobadilishwa. Alivua sweta, akakunja mikono ya gauni, akakaa chini kwenye gunia kama wewe ulivyokuwa ukikaa. Nilikuwa nimeshafungua maungio. Nikamtazama anavyopanga nati kwa mpangilio wa kutoka, na nikajua nikikaa kimya leo sitasema tena maishani. Nikasimama, nikafungua boksi, nikaitoa nondo nikaiweka kwenye gunia mbele yake.

Nilimwambia yote, kwa mpangilio niliokuandikia. Nondo, kicheko, mstari, na ile spana. Sikulia, nilijizuia, kwa sababu kulia kungemlazimisha anibembeleze.

Nilipomaliza aliuliza swali moja tu. Ni mtoto wa fundi, swali lake lilikuwa moja.

"Ukucha ulikwama?"

Nikasema, "Ulikwama."

Akachukua nondo, akainuka, akasema, "Twende kwa Mama."

Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nilirudia kwake yote, nikiwa nimepiga magoti kwenye majivu. Kisu chake hakikusimama. Alimenya mpaka ndizi zikaisha, akaendelea kumenya ambayo ilikuwa imeshamenywa, mpaka Adventina akamtoa kisu mkononi. Akasema bila kunitazama, "Waitu, jamani, mwaka mzima mimi nalala na jina la mlevi alilopewa na watu. Nimeanza na mimi kuamini. Nilimwomba Mungu amsamehe mume wangu ulevi." Akanyoosha mkono, kiganja juu. Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, nikafungua kitambaa changu nikampa ufunguo wa banda.

"Kesho jumuiya inasali hapa kwangu," akasema. "Utayasema hayo tena, na wao wakiwapo."

Nimeyasema. Jana, uani kwako, mbele ya jumuiya yote, watu wamekaa kwenye mikeka na yale mabenchi ya kukodi. Katekista, yule aliyekutaja kwa watoto, alikuwapo. Baada ya sala ya maombezi Mama alisema Koku ana neno. Nilisimama nikaona wale wote walionipa pole msibani, waliokuwa wakiniita fundi wetu. Nilisema hukunywa. Nilisema nilikuwapo, niliona kibuyu kikipita. Nilisema baiskeli ilivunjika kabla hujaanguka na sio baada, na kilichoivunja nilikifunga mimi, na ufa niliuona mimi siku mbili kabla. Katekista aliinama akashika kichwa. Mzee mmoja akauliza mbona nimesema leo, ningeweza kunyamaza milele. Nikasema nimechoka. Hakuna aliyenigusa nilipotoka. Walinipisha njia, basi.

Asubuhi ya leo Mama alitembea hadi benchi lenu la tatu akakaa. Watu walijaa kumsalimia mpaka Padre akachelewa kuanza. Nilimwona kwa nyuma tu, shingo yake. Hakugeuka.

Niliyasema haya nikidhani yangenipa nafuu, Fundi, na hayajanipa. Nilidhani ukweli ukitoka nitalala. Sijalala. Nilichopata ni kwamba sasa kila mtu anajua ninachokijua, na wewe bado umekufa. Umerudishiwa jina lako, lakini wewe hujarudi. Kazi sina. Mama niliyekuwa namwita Mama sijui nimwite nani. Na mbaya zaidi, nimekukumbuka upya leo kanisani, siyo ukiwa kwenye jiwe, bali unavyopuliza chai kwenye kikombe cha bati huku unanieleza meno ya gia, na nikalia mpaka nikatoka nje.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Adventina mlangoni. Yuko na ile baiskeli ya kijivu, maungio bado wazi, beringi mpya mfukoni, na spana zako mbili. Nikamuuliza nani atamfungia, akasema amekwenda kwa mafundi wawili Kayanga na wote wamemwambia dawa yake ni kuweka nondo. Akanipa spana moja. "Funga," akasema.

Nikafunga. Beringi ikaingia vizuri, nikapaka grisi, nikakaza bolti moja moja. Na kila niliyoikaza, yeye alikuja nyuma yangu na spana ya pili akaijaribu mwenyewe. Zote, hata za siti. Kisha akapitisha ukucha wake kwenye fremu nzima, taratibu, bila kuniangalia. Zamani ningeumia. Leo nilishika tochi ya simu nikammulikia aone ndani ya maungio.

Alipopanda nilisubiri neno lolote, hata la kunitukana. Alisukuma pedeli, akafika kwenye kona ya njia, akasimama na mguu mmoja chini. Akasema, "Kesho nikirudi nitaipitisha kwako. Uiangalie." Halafu akaongeza, "Na mimi nitaangalia."

Kwaheri, Fundi. Sikuombi msamaha, maana nilishasubiri mara moja uniombe radhi, kwa kiburi, na ikatugharimu. Kesho binti yako anashuka ule mteremko nami nitakaa mlangoni kutwa nzima nikiomba kwa Mungu ambaye sijui kama bado ananisikiliza. Ninachokuahidi ni hiki. Nikiuona ufa nitausema saa ile ile, kwa mwenye baiskeli, awe mtoto au mkubwa wangu, anicheke asinicheke, mbele ya watu au faraghani. Na akikataa kusikia, nitakaa mbele ya gurudumu asipite.

Mwanafunzi wako,
Koku